Kiti cha Mwalimu Sixbert

Songea, Jumatatu, 7 Oktoba

Dada yangu Asumini, asalaam aleikum, na kwa upande wetu, Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko wodini Mbesa? Mguu umepungua maumivu, au bado wanauvuta kwa yale mawe? Usingizi unapata? Sisi huku wazima, ila jua linatukaanga, na mvua hata harufu yake hatujaisikia.

Nakuandikia kwa sababu ya simu. Nikikupigia kwa simu ya yule muuguzi, mwanao Somoe anakuja kusimama ubavuni kwangu, ananitazama mdomo, nami nabaki kusema mzima, mzima, anakula, anasoma. Hiyo siyo habari, hiyo ni salamu ya njiani. Basi nimechukua daftari la mwanangu Anjelika lililobaki kurasa nyingi, nitakuwa nakuandikia jioni nikimaliza vyombo. Kaka yako Daimu akija na korosho zake mwisho wa muhula nitampa akuletee. Hati yangu utaivumilia, darasa la saba langu unalijua.

Mwanao alishuka Jumamosi na basi la Tunduru, amekumbatia ndoo ya korosho kama mtu aliyebeba kichanga. Amekua! Nimemlaza na Anjelika kitanda kimoja, kama tulivyokuwa tukiwalaza kule Nalasi, wakati marehemu Gaspari alipokuwa analinda lile ghala la korosho na mimi na wewe tunapasiana moto dirishani.

Leo nimempeleka shule. Kazi yangu ni ileile, uji asubuhi na makande mchana, na jiko letu linatazamana na darasa la tano, darasa lake na Anjelika, kwa hiyo nasikia mengi. Mwalimu wao anaitwa Sixbert, Mngoni wa hapahapa, mtu wa kucheka. Akamuuliza Somoe, "Unatoka wapi, mama?" Mtoto akajibu Nalasi. Mwalimu akapiga makofi: "Ohoo! Watani zangu Wayao! Haya watoto, kila mtu afiche panya wake, mlaji amefika!" Halafu akalitaja lile jina mnalowaita panya wa shamba huko kwenu, samaki nchanga. Darasa zima likaangua kicheko.

Nami nilicheka, mwiko mkononi. Nikasema, afadhali, mtoto amepokelewa, maana Mngoni hamtanii mtu asiyemtaka. Somoe naye alitabasamu. Kwa mbali niliona hivyo.

8 Oktoba

Joto. Maji ya bomba yametoka asubuhi tu. Wameenda wote wawili, wamerudi wote wawili.

10 Oktoba, Alhamisi

Nyumba imekuwa kama kanisa na msikiti chini ya bati moja. Huu ni mwezi wa Rozari, naamka mapema kusali kabla ya kwenda kuwasha kuni shuleni, namkuta mwanao ameshatawadha, yuko kwenye mkeka wako ule wa rangi ya zambarau. Leo ameniuliza, "Mama mdogo, sasa Mungu anamsikiliza nani kwanza?"

Nikamwambia, "Anayeamka kwanza."

"Basi ni mimi."

Nimehama bucha pia. Nanunua kwa Nassoro pale sokoni, nyama imechinjwa kwa dini yenu, asipate shida rohoni. Anjelika anasema nyama ya Nassoro ina mfupa mwingi. Nimemwambia atafune mfupa.

13 Oktoba, Jumapili

Misa ya kwanza. Jioni jumuiya walikuja kusali kwangu, Somoe akawapikia chai ya tangawizi, kinamama wakamsifu mpaka akajificha chumbani. Nilijisikia kama ni mimi niliyemzaa. Usinionee wivu.

17 Oktoba, Alhamisi

Mchana sikumwona kwenye foleni ya makande. Nilipomuuliza akasema, "Nimefunga, mama mdogo." Nikakumbuka kwamba hata wewe kule Nalasi ulikuwa unafunga Jumatatu na Alhamisi, saumu ya sunna. Mtoto wa miaka kumi na moja! Nimemsimulia Mama Lidwina mpishi mwenzangu, akasema watoto wetu sisi tukiwaambia waache pipi wakati wa Kwaresima wanalia. Nimemwekea uji wa kufuturu, na tende mbili nilizozipata kwa Nassoro.

21 Oktoba, Jumatatu

Amefunga. Amefuturu vizuri, bakuli mbili.

23 Oktoba, Jumatano

Kafunga tena. Jumatano? Labda mna siku nyingine nisizozijua. Nilitaka kumuuliza, nikaona aibu kuhoji dini ya mtu.

24 Oktoba, Alhamisi

Dada, kaa vizuri, leo habari ni ndefu.

Mchana nilienda nyuma ya stoo kuchukua kuni. Nikamkuta Somoe amechuchumaa pale kwenye kivuli, anatafuna korosho za kwenye ile ndoo, haraka haraka, mashavu yamejaa. Aliponiona akameza bila kutafuna, machozi yakamtoka.

Nikamwambia, "Somoe, aliyefunga anakula korosho?"

Akaficha kiganja mgongoni. Nikakaa chini, kwenye gogo. Sufuria nilikuwa nimemwachia Mama Lidwina.

Baadaye akasema, "Nikipanga foleni wanaondoa bakuli zao."

"Nani?"

"Wote. Wanasema zitanuka panya. Na Dorine anachukua kijiti, anachokoa makande yangu, anasema tuone mkia. Nikipita wanafanya chwi, chwi, chwi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mwalimu."

Asumini, nilihisi kama mtu amenimwagia uji wa moto mapajani. Mimi nilikuwa dirishani siku zote hizo. Zile "chwi, chwi" nilizisikia! Nilidhani watoto wanaigiza ndege.

Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, si ungewaambia tu kwamba wewe huli panya? Mama yako hajawahi kuwapika, mimi shahidi."

Akafuta pua kwa ukaya wake wa kichwani. Akasema, "Mama anasema kwa dini haifai. Lakini mjomba Daimu anakula. Na bibi. Nikisema mimi sili, itakuwa ninawacheka na wao."

Nilimshika mkono tu. Huyo ndiye mtoto uliyemzaa, dada. Ameona bora afe njaa kuliko kumkana mjomba wake mbele ya watoto wasiomjua.

Nikamwambia twende, leo nitakupakulia mwenyewe. Tukaenda. Nilipoinua upawa nikaisikia, chwi, chwi, kutoka katikati ya foleni. Nikageuka. Alikuwa Anjelika. Mwanangu mimi. Alikuwa anatazamana na Dorine, anacheka, na aliponiona akaangalia viatu vyake.

Jioni nilimwita jikoni, sikumpiga. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, kwani hata mwalimu si alisema? Ni utani. Watani hawakasirikiani."

"Na nani kakwambia hakasiriki?"

"Wanasema mimi nalala naye kitanda kimoja. Wakaanza kuniita mama panya. Nisipocheka wananiita mimi." Halafu akaongeza polepole, "Na wewe ulicheka, mama. Siku ile. Nilikuona."

Nimesali Rozari nzima, sikumbuki nilisali tendo gani.

25 Oktoba

Nampakulia jikoni kwangu. Anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba.

27 Oktoba, Jumapili

Baada ya Misa nilimkalisha Anjelika chini ya uchaga wa vyombo, nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Kwamba alipozaliwa kule Nalasi mimi nilishikwa na homa mpaka maziwa yakakauka, na wewe, uliyekuwa na Somoe kifuani, ulimchukua ukamweka upande wa pili. Mwezi na zaidi. Kwamba kwenu Waislamu watoto wa namna hiyo ni ndugu kabisa, hata kuoana hairuhusiwi.

Akauliza, "Upande gani?"

"Upande gani wa nini?"

"Titi. Mimi nilinyonya upande gani?"

Nikacheka, sikujua. Utanikumbusha wewe. Lakini niliona ameondoka anafikiri.

28 Oktoba, Jumatatu

Nimeenda kwa Mwalimu Sixbert ofisini. Alinipa kiti, akaniuliza hali. Nikamweleza. Alishangaa kwa dhati. "Mama Anjelika, huo ni utani wa mababu. Mimi nikiacha kumtania yule mtoto nitakuwa nambagua. Ningemkalisha pale kimya kama mgeni?" Nikamwambia mtoto hali chakula. Akaacha kucheka. Akasema ataliweka sawa kesho.

29 Oktoba

Ameliweka sawa kwa fimbo. Dorine na wenzake wawili. Mimi sikuomba hilo.

31 Oktoba

Sasa hawalii tena chwi chwi. Wanachezesha pua. Somoe akipita, pua zote zinacheza, kimya kabisa. Nani atamchapa mtoto kwa kosa la pua? Nilimwona mwalimu naye kaliona, kasimama na fimbo yake mlangoni, hajui aielekeze wapi. Nilimwonea huruma kidogo na hasira nyingi.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Misa ilijaa. Nilimwombea Gaspari mapema, kabla ya kesho siku ya marehemu wote. Mawingu yalikuja Peramiho upande ule, yakaenda zake.

7 Novemba, Alhamisi

Somoe ameanguka mstarini asubuhi. Jua lilikuwa bado hata halijawa kali. Nilimbeba mwenyewe mpaka jikoni, na dada, hana uzito. Nikampa maji ya sukari. Alipofumbua macho neno la kwanza akasema, "Usimwambie mama, mguu wake hautapona."

Kwa hiyo sikukwambia. Unisamehe. Lakini nimempigia Daimu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema hata "eh", nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nakuja kumchukua. Mtoto wa dada yangu hawezi kufa njaa amesimama mbele ya sufuria."

8 Novemba

Sina raha. Akienda Nalasi atakaa na nani? Bibi haoni vizuri, Daimu yuko mikoroshoni kutwa. Mtihani wa mwisho wa mwaka ataukosa. Na mimi niliyekuapia kitandani kwako kwamba nitamtunza kama wangu, nitakurudishia mifupa. Nimemwambia Bikira Maria waziwazi, Mama, huyu asiondoke hivi.

10 Novemba, Jumapili

Wamesuka nywele, Anjelika amemsuka Somoe. Hawakuongea. Lakini amemsuka vizuri, mistari imenyooka.

12 Novemba, Jumanne

Daimu amefika. Nikwambie ukweli, sikuwahi kumpenda sana kaka yako. Kule Nalasi nilimwona mtu wa kelele, wa kuingia nyumbani kwa watu na kufunua vyungu. Alipotokea getini saa ya makande, kofia kichwani, gunia la korosho begani, nikajua leo kutapigwa mtu.

Kwanza alikuja jikoni. Nilimwelekeza Somoe alikokaa, na nikamweleza lile jambo, kwamba mtoto hakutaka kusema yeye hali panya, asije akamcheka mjomba. Daimu akatua gunia. Akaniomba maji, akanywa kikombe kizima amenipa mgongo.

Halafu akaenda ofisini kuomba uhamisho. Mwalimu Sixbert alikuwa barazani, kakaa kwenye kiti chake cha darasani anasahihisha. Kusikia jina la Nalasi akasimama, nadhani ni mazoea tu, mdomo ukamponyoka: "Karibu mtani! Umekuja na mtego, au mikono mitupu?"

Nilishika upawa nikasema, Yesu wangu.

Daimu hakumpiga. Alikizunguka kile kiti, akakiinua, akaja nacho mpaka mbele ya dirisha langu ambapo watoto walikuwa wamepanga foleni, akakiweka katikati ya njia, akaketi, miguu ameinyoosha. "Hapa hapiti Mngoni kwenda kula!" akapaza sauti. Kama wanavyofanya watani msibani, wanapolala njiani maiti isipite mpaka walipwe.

Watoto wakazunguka na bakuli zao.

"Mwalimu wenu anataka mtego wangu," Daimu akawaambia. "Mimi nataka ngao ya babu yake! Mnajua iko wapi? Iko kilabuni! Aliiweka rehani kwa kata ya pombe ya komoni, siku ya vita akatoka na ungo wa mkewe!"

Watoto wakalipuka. Wengine walimwaga maji ya kunywa. Mwalimu Sixbert naye akacheka, akashuka barazani: "Na babu yako alipomwona babu yangu na ungo akatimua mbio mpaka Nalasi, hajarudi mpaka leo!"

"Alikwenda kutafuta kitoweo! Nyie mlikuwa mmemaliza kila chenye miguu, hata kumbikumbi mmefagia!"

"Tuliwaachia wenye mikia!"

"Mikia tunakula sisi, nyie mnakunywa mpaka pumba!"

Asumini, nilicheka mpaka Mama Lidwina akanishikia upawa. Walikwenda hivyo, huyu anarusha, yule anarudisha, na mwalimu mkuu katoka ofisini naye anacheka. Hata Somoe alitoka nyuma ya stoo ya kuni, akasimama pembeni.

Ghafla Daimu akanyoosha kidole. "Wewe binti mwenye bakuli la kijani. Unaitwa nani?"

"Dorine."

"Dorine, mimi ni Myao wa Nalasi, nakula panya, napenda mapaja. Nitanie."

Dorine akaguna. Akatazama nyuma.

"Nitanie mwanangu, ruksa. Mimi mtani wako."

Dorine akasema kwa sauti ndogo, "Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe mkubwa. Na mimi niko peke yangu."

Daimu hakumkaripia, hakumcheka. Aligeuza tu shingo akamtazama Mwalimu Sixbert. Na kicheko cha mwalimu kikashuka, kama sufuria inayochemka ukichomoa kuni. Nilikuwa dirishani, niliona. Alimtafuta Somoe kwa macho, akampata, akatazama chini.

Kisha kaka yako akasimama, akakibeba kiti kichwani. "Mtani akiniudhi nakamata mali yake. Ndivyo tulivyoachiwa. Kiti hiki nimempa Somoe. Anayekitaka atakikomboa kwake, na bei ataitaja yeye." Akatoka nacho getini, kinaning'iniza miguu hewani, na hakuna aliyemzuia.

Jioni akamwambia Somoe, "Haya, fungasha. Kesho asubuhi tunaondoka."

Somoe alikuwa amekaa kwenye kile kiti, miguu haifiki chini. Akakipapasa mbao. Akasema, "Mjomba, nitaondokaje na kiti cha watu?"

Daimu akanitazama mimi. Mpaka sasa sijui kama alipanga, au lilimtokea tu.

13 Novemba

Mwalimu Sixbert amefundisha amesimama kutwa. Daimu ameondoka peke yake, amesema tumwachie mtoto amalize madai yake. Daftari hili sikumpa, lingekufikia nusu ya habari, nawe ungenyofoa mguu kwenye yale mawe uje.

14 Novemba

Amesimama tena. Watoto wanapita jikoni kumuuliza Somoe, "Umeweka bei gani?" Anasema bado anafikiri. Wanamuuliza yeye! Pua zinazocheza zimebaki chache.

15 Novemba, Ijumaa

Leo jioni mlango umegongwa. Mwalimu Sixbert, amevaa shati la Jumapili, jogoo mwekundu kwapani. Nikamkaribisha, akakataa kukaa. Akasema, "Sikuja kwako, Mama Anjelika. Nimekuja kwa mwenye kiti."

Somoe akatoka, akamwamkia shikamoo. Mwalimu akachuchumaa pale sakafuni mpaka macho yao yakalingana, jogoo naye anapiga mbawa. Akasema, "Mwanangu, nilikutania kabla hujanijua. Nikawafungulia wenzako mlango, wakaingia wote juu yako. Nilidhani nakukaribisha. Halafu nikachapa watoto kwa kosa nililolianzisha mimi. Nisamehe. Nimekuja kukomboa."

Somoe akamtazama jogoo. Akamshika upanga wa kichwani, akampima kama mtu wa mnadani. Mimi na Anjelika tumejibanza mlangoni mwa chumba.

Akasema, "Jogoo sawa. Na ile ngao?"

Dada, mwalimu alishika mwimo wa mlango. Alicheka, akacheka, machozi yakamtoka, akasema, "Ngao iko kilabuni, mtani wangu, niache kwanza niende na kiti!" Na Somoe akacheka. Ule mcheko wake wa kule Nalasi, wa kukwaruza kooni, ambao ndani ya nyumba hii ulikuwa haujasikika tangu ashuke kwenye basi. Alikula sahani nzima ya ugali. Akaongezewa.

18 Novemba, Jumatatu

Kabla ya masomo Mwalimu Sixbert amewasimulia darasa lote jinsi alivyopunguziwa bei. Hakujificha. Halafu akawaambia kwamba mtu hatajwi kwa kabila wala kwa kitoweo chake ndani ya darasa lile mpaka yeye mwenyewe aanze. Nilisikia yote, jiko liko palepale.

Mchana Somoe amepanga foleni. Mbele yake kulikuwa na nafasi, watoto wawili walisogea kidogo, mazoea hayaishi siku moja. Anjelika akatoka nyuma, akaja akasimama kwenye ile nafasi, bakuli lake amelibandika juu ya bakuli la Somoe. Akasema kwa sauti, "Mama, mbili. Huyu ndugu yangu, tulinyonya pamoja." Dorine akauliza, "Kweli?" Anjelika akamjibu, "Upande mmoja mmoja."

Nimewajazia mpaka ukingoni. Mwalimu mkuu akiuliza makande yameishia wapi, ataniona.

21 Novemba

Mvua! Imeanza alfajiri, bati likavuma hatukusikiana. Ardhi ya nyuma ya darasa imefunguka na kumbikumbi wamemwagika hewani kama makapi. Masomo yamesimama yenyewe. Wote nje na ndoo na khanga, Somoe kati yao amejifunga ukaya kiunoni. Tumekaanga kwa chumvi kwenye sufuria ya uji. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila.

26 Novemba

Mtihani umeanza. Nimepanda mahindi nyuma ya nyumba kati ya mvua na mvua. Matope mpaka magotini.

29 Novemba

Mtoto mmoja wa darasa la sita kamfanyia pua leo. Somoe akamwambia, "Umepata mafua? Nenda kwa Mama Anjelika jikoni akupe tangawizi." Nimetoa tangawizi kweli, nikampelekea.

1 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Jogoo hatujamchinja. Anawika mapema, kabla hata mwanao hajatawadha, na mimi sijashika Rozari. Somoe amekubali kwamba sasa Mungu anamsikiliza jogoo kwanza.

6 Desemba, Ijumaa

Shule imefungwa leo. Somoe amekuwa wa tisa, na Anjelika wa kumi na moja, hawaongei vizuri tangu saa sita, lakini wanacheka pamoja sasa hivi uani, nasikia. Mwalimu Sixbert amekuja kuaga, amekaa dakika chache kwenye benchi. Nilikuwa nimemfanya mtu mbaya moyoni, sasa namwona ni mtu aliyependa kucheka na hakutazama nyuma yake nani anaanguka. Amejua. Wangapi wanajua? Daimu naye nimemwekea unga wa muhogo, na vyungu vyangu sasa anaweza kufunua.

Kesho anapita, nampa daftari hili. Utaona mahali pameloa, ni mvua, bati linavuja juu ya meza.

Sasa dada, lililobaki ni lako. Nimemuuliza Somoe kama anataka kurudi Nalasi au aendelee hapa Januari. Akasema anataka kukaa mpaka wewe uje kwa miguu yako, na jogoo asichinjwe mpaka siku hiyo, na uchinjaji afanye mjomba, na Mwalimu Sixbert aalikwe, aje na ngao. Mimi ningependa abaki. Nafasi ipo, kitanda kipo, sufuria unaijua. Lakini wewe ndiye mama yake. Ukisoma mpaka hapa usikae nalo, mpe muuguzi karatasi au nipigie, mtoto akiwepo nitatoka nje kusikiliza.

Nijibu mapema, dada, abaki au arudi. Na hali ya mguu uniambie.

Mimi mdogo wako,
Ludovika